Bei ya Herufi

Mtaa wa Sikukuu, saa mbili asubuhi,
nakwangua ukuta.
Herufi moja buku, tulishapatana.
Mwajabu kanipa karatasi:
DUKA LA ERI.

"H imeanguka," nikamwambia.
"Aijaanguka. Aisikiki.
Nitoe buku nzima kwa kitu kisicholia?"

Nikanyamaza.
Mimi nilichapwa na Mwalimu Chuwa kwa ajili ya H,
fimbo moja kwa "apa",
mbili kwa "hasubuhi".
Nikakwangua kwa hasira.

Chini ya rangi ya kampuni ya simu: VOCHA ZIPO.
Chini ya vocha, mkono wangu wa ujana:
SUKARI HAKUNA USIULIZE.
Kando, Kigujarati cha mwenye nyumba wa zamani,
kimejikunja kama kamba iliyofunguliwa;
mjukuu wake alikipiga picha juzi
akaniuliza mimi kimeandikwa nini.

Kisha baba. Namjua kwa brashi yake:
DUKA LA HERI,
ile H imetanua miguu kama mchukuzi wa gunia.

Nikadhani nimefika mwisho.
Chokaa ikabanduka,
na chini kabisa, kwa buluu iliyochoka,
mkono wa babu:
KHERI.

K.
Ile ya kukwaruza koo kama mwiba wa changu.
Nani aliiondoa? Baba.
Babu lazima alipiga kelele, Kiswahili kimekwisha,
na baba, namsikia, akamjibu:
"Mzee, senti hamsini hizo."

Mimi ninayeililia H
matanga ya K sikukaa hata siku moja.
Nikaona haya,
ambayo kwa Mwajabu ni aya.

Na nimesimama wapi nikilalamika?
Kariakoo!
Jina la wapagazi wa vita vya Wazungu,
Kiingereza kilichotafunwa na midomo ya hapa
mpaka kikalainika,
na leo hakuna anayekumbuka mzigo.

Nikaandika.
H nikaitia bure, nyembamba,
kwa rangi iliyobaki kwenye mfuniko.

Akapita kijana wa mkokoteni, jasho mpaka kwenye kope,
akasimama, akasoma kwa sauti
kama anayeapishwa:
"Duka... la... Eri."

Mwajabu akanitazama.
"Umeona?"
"Nimeona."

Akahesabu noti tisa.
Ya kumi, rangi yake ilikuwa bado mbichi.