Hesabu ya Pumzi

Kaka yangu Eleuterio alizaliwa Lindsay, Kalifonia, msimu wa machungwa,
mama akiwa bado na harufu ya maganda vidoleni.
Jikoni tulikuwa na kinu cha jiwe jeusi, miguu mitatu,
kilichovushwa mpaka ndani ya blanketi kama mtoto mchanga,
na mchi wake mfupi, tejolote, wa kujaa kiganja.
Mama alisaga pilipili: ta-ka, ta-ka, kwaruzo, ta.
Tello, chini ya meza, akajaza maneno katikati.

Hiyo ndiyo ngoma yake ya kwanza.
Studio yake ya kwanza, kabati la nguo:
miaka kumi na minne, maikrofoni ya kuazima,
makoti ya baba yakimeza mwangwi.
Mimi nililinda mlango wa choo, mtu asivute maji.

Baba alirudi kutoka kwenye mizabibu, magoti yakilia.
"Unatwanga maji," alisema.
Tello hakuinua macho daftarini:
"Nitayatwanga mpaka yatoe unga."
Baba alicheka. Mara moja tu. Niliona.

Kanda ya kwanza aliiuzia kwenye buti la gari,
gulio la Jumapili, Visalia,
kati ya muuza soksi na muuza kasuku.
Dola tatu; ukinunua mbili, unaongezwa tikiti lenye pilipili.
Alijiita Tejolote. Wazee walicheka,
vijana wakalichora jina ukutani.
Alifoka kwa ndimi mbili, wala hakuwa mnafiki:
Kihispania cha bibi kilianza mstari,
Kiingereza cha polisi kikaumalizia,
na kina kikatua palepale, kama komeo.
Beti ya mistari kumi na sita, pumzi nne.
Mimi ndiye niliyehesabu.

Halafu Los Angeles. Meza ya kioo,
bwana mmoja mwenye viatu bila soksi.
"Chagua lugha moja. Na haya machungwa...
watu wanataka bunduki."
Tello hajawahi kushika bunduki.
Alishika mkasi wa kukatia vikonyo.
Akatia saini. Sitamtetea.

Albamu mbili. Kwenye jalada walimpaka chale za shingoni
ambazo mama alijaribu kuzifuta
kwa kidole alichokilowesha mate.
Ukumbi wa Fresno ulifurika,
maelfu wakiita jina la jiwe letu la jikoni.
Baba alikataa kuingia. Alikaa maegeshoni,
ndani ya gari, dirisha limeshushwa.
Huo ndio msimu wake wa mwisho wa zabibu,
na hakuna aliyejua.

Mwaka wa ukame Tello alirudi kupiga video
katika shamba la milozi iliyokufa.
Walitaka vumbi, lionekane vizuri kwenye kamera.
Upepo uliwapa.
Wiki mbili alikohoa, akilaumu sigara.
Homa ya bonde, daktari alisema, kuvu la udongoni,
kana kwamba anatupa habari.
Sisi ndilo lililotuzikia mjomba Fermín.
Wakakata kipande cha pafu la kushoto.
Bwana wa viatu bila soksi alituma maua,
kisha barua ya wakili,
kisha hakutuma kitu.

Beti ileile, baada ya hospitali: pumzi kumi na moja.
Alijaribu tena. Kumi na mbili.
Akazima mashine, akala mkate wangu wote.

Sasa anaendesha boza la maji
kwenye njia za mashamba,
ananyunyiza kabla wachumaji hawajafika,
vumbi lisiamke.
Usiku hunipigia simu, hunisomea.
Mistari imepungua urefu.
Nilidhani ni ugonjwa.
Siku hizi sina hakika.

Juzi alisoma:

Vumbi,
nakunywesha.
Lala.
Baba yumo.

Nilisikia injini ikipoa upande wake.
"Umehesabu?"
Nikasema nne.
Sikuhesabu.