Upande wa Baridi

Nikandri aliileta kwa sleji, imeviringishwa blanketi la farasi:
kandili ya mafuta ya taa, na juu ya chemni
taji la mapezi ya chuma, zito kuliko sufuria ya arusi.
Akaunga nyaya mbili kwenye redio, akawasha utambi,
akasema: subirini, lipate moto.

Robo saa. Masizi. Harufu.
Kisha mwanamume wa Siktivkar akakohoa ndani ya nyumba yetu,
ukingoni mwa Pechora, ambako nguzo za umeme
zilikuwa bado uvumi wa wilaya nyingine.

Hakuna kinachozunguka humo, Nikandri alituapia,
hakuna gurudumu, hakuna mkanda, hakuna maji yanayochemka.
Ni vijiti tu vya zinki na antimoni,
ukiviangusha vinakatika kama chaki.
Si shaba, inayompitisha kila mgeni;
si kigae, kinachofunga mlango na kulala.
Nusu-kipitishi: umeme huuachia njia,
joto hulikawiza kizingitini, hulihoji.
Ncha moja iungue, ya pili igande,
na kati yao chembe zisizoonekana
hukimbia kama tulivyokimbia sisi, ghala lilipowaka.

Katika sehemu mia za moto, alisema, inatupa tatu.
Mama mkwe akacheka: hata ng'ombe wetu mkongwe hutoa zaidi.

Novemba mafuta yakapungua. Sauti ikanywea,
ikawa nzi ndani ya gudulia.
Nilipandisha utambi, chemni ikafuka tu.
Nikandri alikuwa ng'ambo, msituni, na wakata magogo,
na saa moja jioni wangetangaza hali ya mto.

Ndipo Yevlampia, miaka tisa, akafungua mlango.
Nje, digrii ishirini na sita chini ya sifuri.
Nikampigia kelele. Ukungu mweupe ukaingia ukitambaa sakafuni,
ukapanda meza, ukayashika yale mapezi,
na yule mtu wa Siktivkar akainua sauti,
wazi, kama aliyevuliwa gunia kichwani.

Tulisikiliza tumevaa makoti, mlango wazi,
mama mkwe akinilaani kwa Kikomi.
Sikujua mpaka hapo kwamba baridi nayo ni kuni;
kwamba joto likienea sawasawa kila pembe
halisemi neno.

Barafu, akasema, bado haijashika kwenye kivuko.
Sleji zisivuke.

Nikanyoosha mkono upande wake wa kitanda, usiku ule,
kisha nikaurudisha kwangu, palipo na joto,
kisha tena.