Swali la Kumi na Nne

Fomu ina kurasa tisa. Nimetoka nayo Kisumu
ndani ya bahasha mbili, moja juu ya nyingine,
kwa kuwa huku Maragoli mvua ya saa nane
haina miadi, na haikosi.

Kageha ananipa kigoda, yeye anakaa kizingitini.
Mguu wa kulia ameunyoosha mbele, ule wetu,
namba mia mbili na saba katika daftari la kituo,
rangi ambayo fundi Obuya huiita rangi ya ngozi
na si ngozi ya mtu yeyote ninayemjua.

"Swali la kumi na nne. Je, unaweza kutembea
mita mia moja bila kusaidiwa?"
Visanduku vinne: bila shida, shida kidogo,
shida nyingi, siwezi.

"Mita mia za wapi?"

Kalamu inangoja.

"Za kwenu kule, penye vigae na vyuma vya kushika
na yule kijana wa saa ya kuhesabu,
hizo natembea huku nafuma sweta.
Za hapa mpaka mtoni ni mawe na udongo mwekundu.
Ukilowa, nateremka kwa makalio,
mguu nimeufunga mgongoni kwa leso.
Wanawake wakinipita huuliza, mtoto hajambo?
Nawaambia amelala."

Sijui nicheke au niandike.
Naweka alama, naifuta, karatasi inachunika.

Ndipo mvua. Mahindi yameanikwa uani.
Kageha ameshainuka, mkongojo kwapani,
anakunja turubai kwa mkono mmoja.
Nami, mtafiti msaidizi, nakimbia kumsaidia,
hatua ya tatu, ya nne, na chali!
tope mpaka kwenye kitambulisho.

Anasimama juu yangu, mvua ikimtiririka kidevuni.
"Andika basi. Mwenye miwili
ameanguka kabla ya mita sita."

Niliandika. Pambizoni, kwa herufi ndogo,
pamoja na leso, na mtoto aliyelala.

Desemba jarida la kituo likatoka, karatasi ya kung'aa:
asilimia themanini na moja ya walioshiriki
hutembea mita mia bila shida au kwa shida kidogo.
Picha: vigae. Picha: wageni wamevaa mashada.
Kompyuta haina pambizo.

Lakini fomu zenyewe ziliwekwa karakana,
za kufungia skrubu, na Obuya ni mtu wa kusoma
hata gazeti lililofungia nyama.
Wiki ile akaagiza toroli nne za udongo wa Vihiga,
akaumwaga nyuma ya karakana, akatia mawe,
akaupa mteremko. Kila asubuhi anaumwagia maji.
Mhasibu ameuliza kwa barua: shughuli hii
ni ya mradi upi?
Obuya hajajibu. Miguu mitatu imeshavunjikia pale
kwenye kifundo, kabla haijavunjikia
chini ya mtu.

Juzi Kageha amepiga simu.
Nikajiandaa kumweleza habari ya tope letu,
nikiwa hata na fahari kidogo.
Hakutaka mguu. Alitaka kujua
zile fomu, upande wa nyuma, zina maandishi?
Mjukuu wake ameishiwa karatasi za hesabu.