Mibofyo Kumi na Miwili

Jumamosi ya tatu ya Machi, mjini Louth,
mvua haijaamua kama inyeshe au iache.
Mazda ya buluu iko juu ya stendi nne,
miguu inaning'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha wakubwa.
Miezi saba ya kufunga kabichi kiwandani
imo ndani ya boksi moja:
springi nne fupi, shokapu nne za manjano,
kila moja na kifundo cha kuzungusha karibu na mguu wake.

Bwana Hallam wa nyumba ya pili, fundi wa mabasi mstaafu,
kaja na spana yake ndefu na nyonga yake mbovu.
Kaketi juu ya ndoo.
"Bolti hiyo ina miaka ishirini na tano
ya chumvi ya barabarani. Usiilazimishe. Ibembeleze."
Nikaibembeleza. Nikaipaka mafuta, nikaipasha moto,
nikaiita majina ambayo mama hajui kuwa nayajua.
Saa sita na robo ikalia mara moja, kwii,
ikaachia,
nami nikaenda chali na spana kifuani.

Springi za zamani nilizilaza ukutani.
Kutu tupu. Hata hivyo sikuzitupa siku ile.
Kila shimo zilimeza zenyewe,
mimi zikaniletea habari zilizokwisha chujwa.

Hizi mpya hazichuji.

Cadwell, kwenye kona inayoshuka kisha ikabadili nia,
zamani gari lililala ubavu kama mlevi,
likauliza tunaelekea wapi
na kona yenyewe imeshatupita.
Sasa nakata usukani na tumo.
Lami naisikia kwa mgongo, kwa meno;
najua pale walipoziba ufa,
najua jani moja lililolowa.
Kileleni magurudumu ya mbele yakaiacha dunia kidogo,
yakarudi, tap, bila maneno ya ziada.
Nilicheka peke yangu,
ushungi ukinibana ndani ya helmeti.

Jumanne, alfajiri, akagonga dirisha langu kwa fimbo:
hospitali, Grimsby, ile nyonga,
na teksi aliyoagiza haikutokea.
Gari jingine sina.

Kila kiraka cha barabara kuu kilipanda kupitia kiti
hadi mfupani mwake. Alishika mlango.
Hakusema neno mpaka tulipopita kituo cha mafuta.
"Si ulitaka kuisikia barabara?" akasema.
"Haya. Leo tunaisikia wote."
Akacheka, kicheko kikamkatikia katikati.

Nikaegesha kando. Mvua ilikuwa imeshaamua.
Nikapiga magoti matopeni na sare ya kazi,
mkono nyuma ya gurudumu, vidole vikipapasa kifundo,
nikihesabu kwa sauti ili anisikie:
mibofyo kumi na miwili kuelekea ulaini,
mguu huu, kisha ule, kisha ya nyuma yote miwili,
malori yakinimwagia maji kila nilipofika tisa,
nami nikianza upya kwa kuogopa kukosea.

"Sita ingetosha," akasema nilipoingia nikichuruzika.
"Mimi si yai."

Tukaondoka. Shimo lililofuata
lilipita chini yetu kama ugomvi wa nyumba ya mbali.
Alikuwa ameuachia mlango.