Zamu ya Usiku

Usiku kucha nimeshona jina lako
kwenye ukosi wa sweta, kwenye pindo za kanga,
hata kwenye soksi. Ndivyo walivyoagiza:
kila kitu kijulikane mwenyewe.
Wakesho. Wakesho. Wakesho.
Uzi mwekundu uliponiishia
nikamalizia na wa buluu.

Shangazi amepiga simu kutoka Wundanyi:
"Mzazi hapelekwi kwa watu kama mbuzi wa mnada."
Kaka yuko Doha; ametuma pesa, maneno hakutuma.
Hawakuwepo alfajiri ile
askari wa doria alipokukuta kando ya Barabara ya Jogoo,
gauni la kulalia, viatu vya kazini,
unangoja basi la Posta na Simu
lililokwisha kuwa vyuma chakavu.
Hawajui harufu ya gesi saa nane za usiku.
Hawajui kwamba niliwahi kukufungia kwa kufuli, nikaenda kazini,
na mchana kutwa ufunguo ukaniunguza mfukoni.

Miaka ishirini na sita uliunganisha mji huu,
visikizi masikioni, vidole vikichomeka nyaya:
waziri na dobi wake,
Nakuru na mchumba wake wa Pangani.
Misiba ulikuwa ukiisikia kabla ya wafiwa,
ukirudi nayo Jericho, kimya, ukasonga ugali.
Sasa nyaya zimesokotana.
Asubuhi mimi ni Mghoi;
ikifika adhuhuri ni msimamizi wako, Bi Perpetua,
na unaniomba radhi kwa kuchelewa.

Kasarani, lango la kijani.
Muuguzi anakuita kwa jina, anakuonyesha kitanda,
dirisha, mpapai usiozaa.
Fomu inauliza: uhusiano wako na mkazi?
Neno lina herufi tano tu.
Kalamu inakwama.
Wewe unataka kujua jambo moja, zamu inaisha saa ngapi.
Asubuhi, nasema.
Unalainisha sketi, unaketi wima
mbele ya ukuta mweupe.

Niko mlangoni unaponiita
kwa ile sauti ya zamani, iliyopigwa pasi:
"Nambari, tafadhali?"
Naitaja ya nyumbani, ile iliyokatwa
mwaka alipofariki baba.
Kidole chako kinatafuta tundu hewani,
kinalipata.
Unainamisha kichwa, unasikiliza.
Nami nasikiliza.

"Hakuna anayepokea, dada," unasema.
"Jaribu tena kesho."