Dau la Kipofu

Nkuhungu, chumba cha nyuma ya duka la vipuri,
Jumamosi, upepo unagonga bati kama mdai.
Tuko wanne, karata zinanuka grisi,
na zamu inazunguka kama mgao wa maji:
leo wewe, kesho jirani, keshokutwa wewe tena.

Zamu yangu. Naweka mia mbili mezani
kabla sijaona karata hata moja.
Ndiyo maana tunaliita dau la kipofu,
mchango usio na kadi wala pilau.

Foibe katupa.
Hezroni Chidawali, dalali wa viwanja,
kakaa pale pazuri, pa mwenye kusema mwisho.
Karata zake kazichungulia kwa jicho moja tu,
anasogeza mia tano
taratibu, kwa kidole,
kama anayehamisha bikoni usiku.
Swalehe wa Kondoa, kipofu mdogo, mwenye mia yake,
anaguna, anatupa.
Nimebaki mimi.

Miezi miwili nilimwachia.
Nilijiambia, mia mbili ni nini, si andazi tu?
Akisogeza, natupa. Naye anazoa
mia tatu, mia tatu, mia tatu,
hadi nikaacha kuzitazama karata zangu
nikaanza kumhesabu yeye.
Mara kumi alizopata nafasi ile, mara nane alisogeza.
Nane! Hakuna mkono unaobarikiwa hivyo,
hata wa askofu.

Kaka yangu Amoni alikuwa kinyume changu.
Yeye alitetea kila kitu, tena kwa hasira:
mbili na saba, tatu na tisa,
pau na uru zisizosalimiana.
"Ni hela yangu ile!"
Ikaenda simu, ikaenda baiskeli,
sasa anacheza drafti kwa vizibo.
Kilichommaliza ni neno moja: yangu.
Ukishaiweka mezani si yako,
ni ya meza. Kilichobaki ni kuuliza bei.

Basi nauliza bei.
Mezani pana mia nane, natakiwa nitoe mia tatu.
Nikishinda mara tatu katika kumi na moja
sina deni na mtu;
hesabu hiyo naijua tangu nikipima karanga Majengo,
kopo kwa kopo, na kiganja cha nyongeza.
Na kwa mtu anayesogeza nane kwa kumi
saba na nane za kopa si takataka,
ni mbegu.
Kweli, kuanzia hapa nitasema wa kwanza,
yeye atanisikiliza kisha ndipo aseme.
Hilo nalo nimelipigia hesabu.

"Nafuata."

Foibe akaacha kutafuna zabibu.
Hezroni akainua uso, akaniona,
nadhani kwa mara ya kwanza tangu mavuno.

Sitadanganya: nilishindwa.
Zikafunuliwa sita ya shupaza, tisa ya uru, na mfalme.
Nikagonga meza. Akasogeza mia sita.
Nikafuata, nikingoja kumi au tano.
Kumi haikuja, tano haikuja.
Mwishoni akalaza ree na mfalme, halali kabisa,
cheko lake likajaa chumba kama vumbi la Septemba.
Amoni angeipindua meza.
Mimi niliandika kwenye daftari:
*nimepoteza, sikukosea.*

Karata zikachanganywa mara nne.
Mia mbili yangu mezani tena. Foibe katupa.
Mkono wa Hezroni ukaenda kwenye sarafu,
ukasimama hewani.
Akanitazama.
Bati likapiga mara moja, mara mbili.
Akaurudisha mkono, akatupa.

Nilikuwa bado sijalimaliza tabasamu langu
pale Swalehe, kulia kwangu, alipokohoa
na kusogeza mia tano.

Nikafungua ukurasa mpya.