Nyumba Namba Arobaini na Moja

Ibra, mwezi wa tano, saa mbili asubuhi,
na ukuta umeshapata joto la tumbo la chungu.
Badriya ameshika kipimo cha miale,
mimi fomu, na chupa ya maji iliyokwisha.
Nukta nyekundu inatua: mita tatu, sentimita arobaini na saba.
Ukuta wa pili: tatu, hamsini na tatu.
Jana usiku kompyuta ilikataa kuufunga mchoro,
ikanilialia kama mwalimu wa hesabu.

Nikaulaza mkono ukutani, kiwiko hadi ncha ya kidole,
nikasogea, nikahesabu:
dhiraa saba na shubiri.
Ng'ambo, dhiraa saba na shubiri, na wanda tatu.
Basi hapana aliyekosea.
Huenda huu aliupima baba na ule mwanawe,
mkono uliomzidi mzee
kwa unene wa kokwa ya tende.

Kwenye rasimu niliandika: *kuta zimepakwa saruji*.
Dokta Yaarubi akazungushia wino wa kijani:
Saruji? Mwaka gani?
Lilikuwa kosa la ulimi wa nyumbani.
Bibi alirudi kutoka Unguja na Kiswahili chake kizima,
na kwa bibi saruji ni mfuko wa kijivu, wa dukani.
Huku ni udongo wa mfereji,
umechomwa kwa magogo ya mtende,
ukapondwa, ukalowekwa, ukapigwa fimbo hadi ukanyamaza.
Neno moja, lilikwenda ng'ambo
likapewa kazi nyingine.
Kama bibi.

Fomu inauliza: *Hali ya jengo.* Zima, bovu, gofu.
*Fundi.* Nimeandika: hajulikani.
*Wakaazi.* Nimeandika: hakuna,
maana ramani ya mji imesema hakuna,
na picha ya angani haikuona kamba ya nguo.

Mlango wa ghala ya tende ukafunguka.
Akatoka mtu na ndoo, kikoi kimefungwa juu ya magoti,
akatuamkia, akatuuliza kama tumekunywa chai.
Mofizul. Mwaka wa sita humu.
Riyali kumi na tano kila mwezi
kwa mtu anayemjua kwa sauti ya simu tu.
"Boriti ile msiikanyage," alituambia,
"ya pili yake inabeba."
Pale mvua ilipotoboa dari
amekanda udongo na majani makavu,
kama mama yake, alisema, akikandika jiko kwao Barisal.
Kiraka cha idara, hatua mbili kando, kimepasuka.
Chake nimekigonga kwa kifundo cha kidole:
kimejibu kwa sauti ya nyumba.

Mpango unataka hoteli ya vyumba kumi na kimoja.
Ghala itakuwa mahali pa kupokelea wageni.

Nimesimama na kalamu.
Nikimwandika, kesho watakuja na kufuli.
Nisipomwandika, nimesema uongo kwa kipimo sahihi.
Badriya hakusema neno, alinipigia kivuli kwa ubao wake.

Kwenye *Wakaazi* jasho la kidole changu
limelichuruza lile "hakuna", halisomeki.
Sikulirudia.
Kwenye *Fundi* nilikata "hajulikani", nikaandika:
*wa kwanza, baba na mwana, majina yamepotea;
wa dari, kona ya kaskazini, dhiraa moja kwa moja na nusu,
Mofizul.*

Chai ilikuwa na iliki nyingi mno.
Tulikunywa yote.